Kipande cha Mzee Nehemiah

Gesima, 20 Novemba 2024

Dada Kaltuma,

Naanza kwa shukrani ambazo sikuzitoa siku ya mazishi. Nilikuona umesimama upande wa wanawake, karibu na zizi, buibui lako limelowa matope mpaka magotini, nami sikuweza kuja kukushika mkono. Nisamehe. Simu yangu nimeizima tangu Septemba, kwa sababu kila anayenipigia huanza kwa kulia, kisha mimi ndiye ninayembembeleza. Ndiyo maana nakuandikia. Ndugu yako Abdiaziz bado hupita Kebirigo na pikapu kuchukua ndizi, na amekubali kuwa tarishi wetu. Nakuandikia kwa Kiswahili kilekile tulichokuwa tukikitumia kwenye mdahalo shuleni, wewe Msomali na mimi Mgusii, maana hatukuwahi kuwa na lugha nyingine iliyo yetu sote wawili.

Nina ombi. Tarehe 26 Desemba, baba mkwe wangu, Mzee Nehemiah, ameita ukoo wote hapa nyumbani. Watatoka Nairobi, watatoka Birongo, na wazee wa kanisa watakuwepo. Tutamaliza mwaka na tutamkumbuka Bravin kwa pamoja. Mume wangu hakuniachia mtoto, Kaltuma. Aliniachia jibini. Zimo ndani ya kile chumba cha baridi alichokichimba ubavuni mwa kilima: duara moja kubwa, gumu, lililopakwa nta, na nyingine ndogo laini zenye ukungu mweupe. Alizitengeneza kwa mikono yake kabla pikipiki ya maziwa haijamtupa kwenye mteremko ule wa Kebirigo. Hakuna mwingine anayejua kuzitengeneza. Zikiisha, kazi yake yote itakuwa imeisha.

Unajua Mzee alivyoichukia kazi hiyo. Bravin alipoacha ajira ya ukarani ili afanye jibini, babake alisimama kanisani akafundisha kwamba maziwa yaliyogandishwa na kuwekwa miezi si chakula cha mtu anayeuheshimu mwili wake. Hakumtaja kwa jina. Hakukuwa na haja. Hata hivyo, kila jibini mpya ilipoiva, Bravin alikata kipande, akakifunga kwenye jani la ndizi lililopitishwa motoni, akakipeleka kwa babake. Kila mara jani lilirudi likiwa limefungwa vilevile.

Nataka Mzee aonje. Mara moja tu, kabla haijaisha, baba ajue mwanawe alikuwa akifanya nini. Sina haja nyingine Desemba hii.

Wewe umepamba meza za harusi mjini Kisii kwa miaka mingi. Nifundishe namna ya kuandaa ubao wa jibini ambao mtu hawezi kuupita bila kusimama.

Wako,
Linet

*

Kisii, 25 Novemba 2024

Linet dada yangu,

Barua yako niliisomea stoo ya duka letu, nyuma ya magunia ya mchele, ili wateja wasinione. Mama yangu Istarlin anakupa pole kwa mara nyingine. Anasema hakuna mwanamume mwingine wa nje ya dini yetu aliyewahi kumjali kama Bravin, aliyekuja buchani kwa baba kuchukua matumbo ya ndama waliochinjwa kwa sheria yetu, ayatumie kugandishia maziwa yake, ili sisi nasi tuweze kula.

Sasa tuje kwenye ubao. Kwanza, usitumie ubao. Nitakutumia bamba la jiwe la kuchonga kutoka Tabaka, lile la waridi, kwa sababu jiwe hukaa na ubaridi hata kukiwa na jua. Jibini itoe baridini mapema kabla wageni hawajakaa, maana ikiwa baridi haina ladha wala harufu. Ni kama kula mshumaa. Ile ngumu usiikate kwa kisu kama mkate. Ichome kwa ncha na uiache ipasuke yenyewe, itoe mabonge yasiyolingana, watu waione ilivyo ndani. Ile laini ikate pembetatu, lakini nyingine iache nzima ili mgeni aone ilikotoka. Usipange kwa mistari kama askari. Anza na jibini, ziachie nafasi, kisha jaza mapengo: tende, njugu karanga zilizokaangwa, matunda-damu yaliyokatwa katikati yaonyeshe wekundu wake, pasheni, asali katika kibakuli. Biskuti za chumvi ziweke mwisho kabisa zisilegee. Katikati pawe na kitu kimoja ambacho macho yatakwenda kwanza. Hicho ni lile duara kubwa.

Meza iweke sebuleni kwenu, karibu na lile dirisha pana alilolijenga Bravin. Mwanga wa pale utakusaidia.

Kuhusu Mzee Nehemiah, lipo neno ninalolijua ambalo si langu kulitoa. Niliahidi. Nakuomba tu usimhesabu kuwa adui.

Wako katika huzuni na katika mapambo,
Kaltuma

*

Gesima, 8 Desemba 2024

Dada Kaltuma,

Umezaliwa Kisii, umesoma Nyamira, na bado unasahau. Sebuleni hawezi kuingia. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, ile heshima yetu inayotenganisha watu wasije wakavunjiana utu, na kifo cha Bravin hakikuiondoa. Mzee alisimama nje ya mlango huu hata siku jeneza lilipokuwa ndani. Meza itakuwa uani, chini ya hema.

Lakini hilo ni dogo. Sikiliza lililotokea.

Juma lililopita nilikwenda Nyamira kwa mambo ya cheti cha kifo. Mama mkwe wangu, Mama Bathsheba, akaita wake wa ukoo waje wanisafishie nyumba kabla ya wageni. Walipaka kuta, walifua mapazia, walinisugulia masufuria mpaka yakawa vioo. Kisha wakafungua chumba cha baridi. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa kwenye kiti mlangoni, ameloa jasho, uso wake umejaa huruma. Aliniambia, "Mwanangu, kumbe huzuni imekuzidi mpaka umeishi na uozo huu bila kuuona?"

Zile jibini laini walizitupa kwenye shimo la taka, wakazifunika na majani ya chai na udongo ili mbwa wasizifukue. Ukungu mweupe, Kaltuma. Ukungu ambao Bravin alikuwa akiugeuza na kuupapasa kila asubuhi kama mtu anayetunza vifaranga. Rafu walizisugua kwa sabuni ya unga. Mmoja wao aliniuliza kama nimefurahi. Nilijibu kwamba nimefurahi. Ningesema nini? Mikono yao ilikuwa imechubuka kwa ajili yangu.

Lile duara kubwa lilipona kwa sababu lilikuwa rafu ya juu na nta ilikuwa safi. Mama alidhani ni mshumaa wa kanisa.

Kwa hiyo imebaki moja. Nimemwandikia Mzee kumwomba ruhusa ya kuiweka mezani siku hiyo. Ndiyo, nimemwandikia barua mtu ambaye moshi wa jiko lake nauona nikiwa kitandani. Mambo kama haya mke wa mwana hayasemi usoni pa baba mkwe. Barua aliibeba Mama Bathsheba. Jibu likija nitakutumia ulisome kwa macho yako.

Linet

*

Gesima, 12 Desemba 2024

Kwa mkaza mwanangu Linet,

Salamu katika jina la Bwana.

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa uangalifu unaostahili. Nakujibu kwa Kiswahili, lugha niliyoifundisha maisha yangu yote, kwa sababu katika Ekegusii yapo maneno mengi ambayo mdomo wangu hauruhusiwi kuyafikisha kwako, wala wako kwangu. Katika Kiswahili sisi ni watu wawili waliosoma, na twaweza kusemezana bila kuvunja lolote.

Umeomba kuweka mezani kazi ya marehemu. Uani ni pa watu wote, na mfiwa hazuiwi kuwapa wageni alicho nacho. Weka meza yako. Hakuna atakayekuzuia, na atakayethubutu atanikuta.

Hata hivyo nina sharti moja, nami nakusihi ulizingatie. Usiniletee kitu hicho mbele ya watu. Nimesimama kwenye mimbari kwa miaka isiyo michache na nimewafundisha waumini wa kanisa hili jambo fulani kuhusu chakula. Wapo walioacha kwa sababu nilisema mimi. Mtu aliyesimama mbele ya mkutano hawezi kukaa kitini na kutafuna maneno yake huku mkutano ukimtazama. Nisiaibishwe mbele ya watu, nawe usiaibike.

Mama Bathsheba anahuzunika tangu alipoelezwa zile zilizotupwa zilikuwa nini. Usimlaumu.

Baba yako,
Nehemiah Anyona

*

Kisii, 18 Desemba 2024

Linet,

Nimeisoma barua ya Mzee uliyonitumia, na pia karatasi yako uliyoandika "amekataa" kwa herufi kubwa. Dada, rudi uisome barua hiyo kama tulivyokuwa tukisoma hoja za wapinzani, neno kwa neno. Amesema "mbele ya watu". Amelisema tena mwishoni. Mwalimu wa Kiswahili harudii neno kwa bahati mbaya.

Mkatie kipande chake mapema, kabla ya wageni. Kifunge kwenye jani la ndizi kama Bravin alivyokuwa akifanya, kiweke ndani, na usikipeleke popote. Tulia. Nakuomba uniamini bila kuniuliza sababu.

Ndani ya sanduku kuna bamba la jiwe, tende, zabibu, biskuti na jibini nyingine kutoka dukani ili kujaza nafasi ya zile zilizotupwa. Si nzuri kama zake. Ziweke pembeni, zilizunguke duara lake. Abdiaziz ameonywa aendeshe taratibu kwenye mashimo.

Natamani ningekuja, lakini siku hiyo tuna ndoa ya binamu yetu Nasteho na meza ni yangu.

Kaltuma

*

Gesima, 27 Desemba 2024

Kaltuma,

Yamekwisha. Nitakusimulia kwa utaratibu, maana nikiacha utaratibu sitamaliza.

Meza ilikuwa nzuri. Nalisema bila majivuno, kwa kuwa ilikuwa yako. Bamba la jiwe lilikaa katikati, duara la Bravin juu yake likiwa limepasuliwa kwa ncha ya kisu kama ulivyoagiza, na lilipopasuka lilitoa harufu ya nyasi na ya maziwa ya jioni, harufu ya koti lake. Matunda-damu yaling'aa. Wageni kutoka Nairobi walisimama mbele yake wakapiga picha kabla hata hawajasalimiana. Marion, mke wa shemeji yangu Bosire, alisema hotelini anakofanya kazi ubao kama huu hauwekwi kwa watu wasiofunga tai. Mdogo wake Mzee, baba mdogo Machogu, alionja, akatafuna kwa muda mrefu, akauliza kama kuna ugali wa kusindikizia. Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika uani hapa tangu Septemba, na nilifikiri, labda siku itakwenda vizuri.

Kipande cha Mzee nilikuwa nimekikata asubuhi, kutoka katikati kabisa. Nilipitisha jani motoni, nikalifunga, nikaliweka kabatini. Marion aliniona nikifunga, nikamweleza ni cha nani. Nilikutii, Kaltuma. Kufikia hapo nilikutii.

Kisha Mzee akasimama kuhutubia. Unajua anavyozungumza. Hapandishi sauti, na mtu aliye mbali zaidi ndiye anayenyamaza zaidi. Alizungumza juu ya utoto wa Bravin, alivyovuka mto mkono mmoja ukishika daftari juu ya maji. Alizungumza juu ya utii wake na upole wake. Nilisubiri. Alipofika miaka ya mwisho alisema, "Na hata alipoamua kushughulika na mambo ya maziwa, hakumkosea mtu heshima." Mambo ya maziwa. Kazi iliyomweka mikono ndani ya maji baridi alfajiri, iliyompeleka kwenye mteremko ule, mbele ya meza iliyobeba kilichobaki chake, ikaitwa mambo ya maziwa.

Sikuwa na akili tena. Nilichukua sahani, nikaweka bonge zuri, asali na tende, nikampa Marion na kumwambia ampelekee Mzee kitini, hapohapo, kabla makofi hayajaisha. Nilijua alichoniandikia. Nilijua ulichoniandikia wewe. Nilitaka waone.

Waliona. Vichwa vyote viligeuka. Marion alipiga magoti kidogo, akanyoosha sahani kwa mikono miwili. Mzee aliitazama. Naapa aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaisukuma kwa mgongo wa mkono, taratibu, akasema, "Mpelekee aliye na njaa." Bosire akaichukua akaila kwa utani ili watu wacheke. Watu wakarudi mezani. Haikuchukua muda bamba likabaki na maganda ya nta na mbegu za pasheni, na wageni wakiulizana kama ipo nyingine ndani ya nyumba.

Ilikuwepo. Niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikafungua lile jani. Nilikila chote, Kaltuma. Nimesimama, bila biskuti, bila asali. Sikukila kwa njaa wala kwa kumkumbuka mume wangu. Nilikila ili Mzee asikipate. Nilimeza kama mtu anayemeza dawa, na sikumbuki ladha yake. Kipande cha mwisho cha kazi ya Bravin duniani, na sikumbuki ladha yake.

Jua likiwa bado juu ya mashamba ya chai, wageni wakielekea kwenye magari, nilisikia hatua. Nilikuwa nafuta meza ya ndani. Nilipoinua macho nilimwona Mzee mlangoni. Si uani, Kaltuma. Mlangoni. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya kizingiti cha nyumba ya mwanawe, mahali ambapo hakukanyaga hata siku ya jeneza. Kofia alikuwa ameishika kifuani. Hakunitazama usoni, alitazama ukuta ulio na picha ya Bravin. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili:

"Imebaki?"

Nikajibu, "Imekwisha, Baba."

Kisha akasema, "Sawa," akarudisha mguu nje, akavaa kofia, akaondoka akipita nyuma ya zizi ili watu wasimwone ametoka wapi.

Niambie ulichokuwa ukikijua. Kama kilikuwa kidogo, niambie. Kama kilikuwa kikubwa, niambie vilevile.

Linet

*

Kisii, 30 Desemba 2024

Dada yangu,

Kilikuwa kikubwa.

Mzee Nehemiah alikuwa akija dukani kwetu. Kila alipoteremka Kisii kwa mambo yake ya pensheni, alipita kwetu, akasimama mbele ya friji ya kioo, akazitazama jibini zenye jina la mwanawe, zile tulizokuwa tukimuuzia Bravin. Mara ya kwanza nilidhani amepotea njia. Aliniuliza ni watu gani wanaonunua. Nikamtajia madaktari, wahudumu wa benki, masista wa Kikatoliki. Aliniuliza wanasema nini wakirudi. Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mzazi anayesomewa ripoti ya shule. Alipokuwa akiondoka aliniomba kwa heshima nyingi nisimwambie mtu yeyote, hasa Bravin. Mzee wa rika la baba yangu alinisihi, Linet. Nikaahidi.

Siku moja nilitoa jibini kwenye friji, nikamwekea mkononi, nikamwambia, "Mzee, chukua, ni ya mwanao, sitakutoza kitu."

Akanirudishia. "Hapana, binti. Hii umenipa wewe. Yeye huniletea kwenye jani."

Nikamwambia, nikicheka kwa uoga, kwamba hilo jani amelirudisha kila mara. Akasema anajua. Akasema, "Akileta tena nitapokea."

Hakuleta tena. Wewe ndiye uliyeniambia, mwaka jana, kwamba Bravin amechoka kudharauliwa na ameacha kupeleka. Nami nilikuwa nimekaa katikati yenu, nikiwa na neno moja ambalo lingemrudisha Bravin kwa babake na jani mkononi, nikalitunza kama amana ya dhahabu. Nilijiambia kwamba mambo ya baba na mwana hujirekebisha yenyewe. Hata baada ya mazishi nililishikilia, nikidhani ahadi kwa mzee ina uzito kuliko jambo lolote. Nilikuandikia kwa mafumbo wakati ulihitaji kuambiwa wazi. Ungejua alivyokuwa akisimama mbele ya friji ile, usingetuma sahani. Usingekula kipande kile.

Nimeifungua friji na kutoa kila kitu mpaka sakafuni. Nimempigia kila mteja ninayemkumbuka. Sista mmoja alikuwa na kipande, lakini walikila Krismasi. Walikula wakamwombea aliyeitengeneza. Hakuna iliyosalia, si hapa, si popote ninapopajua.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uwashe simu yako, hata kama ni kwa ajili ya kunilaumu.

Kaltuma

*

Gesima, 4 Januari 2025

Kwa mkaza mwanangu Linet,

Salamu.

Nimeketi kuandika mara kadhaa na kuchana karatasi, jambo ambalo nilikuwa nikiwaadhibia wanafunzi. Leo ni Sabato. Nimebaki nyumbani, na Mama Bathsheba amewaambia wazee wa kanisa kwamba nina homa. Sina homa.

Nakuandikia kwanza ili nikuondolee mzigo usio wako. Mbele ya watu ulinitumia sahani, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Nilipokuwa nikihutubia nilifika mahali ambapo nilipaswa kuitaja kazi yake kwa jina, nalo jina lilikuwa mdomoni. Nikaona nyuso za wale niliowafundisha, nikasema maneno mengine. Nimehutubia mikutano mingi, mkaza mwanangu, na sijawahi kukosa neno nililolitaka. Siku ile nilikuwa nalo, nikalimeza.

Nilikuandikia "mbele ya watu". Nilidhani nimesema. Mwalimu husahihisha makosa ya wengine kwa miaka mingi mpaka akaamini kwamba yeye akiandika jambo limekwisha kueleweka.

Mwanangu alipoleta mara ya kwanza, nilikataa kwa imani. Mara zilizofuata nilikataa kwa sababu nilikuwa nimekataa mara ya kwanza. Alipoacha kuleta, nilianza kukaa nje jioni, upande unaoitazama nyumba yenu. Mama alidhani natazama chai. Nilikuwa naangalia kama anakuja na kitu mkononi. Siku ya tarehe 26 nilifanya ambalo halifanywi katika ukoo huu, nikakanyaga kizingiti cha mwanangu, na nilipofika pale nilijua kwamba nilipaswa kukikanyaga zamani, akiwepo.

Sikuulizi kile kipande kilikwenda wapi. Marion amemweleza Mama kwamba ulikitenga na kukifunga. Hilo lanitosha kujua nia yako ya asubuhi.

Ninaomba jambo moja, na ndilo la mwisho nitakalokuomba kuhusu marehemu. Kama lile jani bado lipo, hata kama limekauka, nipe. Lilikishika kitu chake. Huenda harufu imebaki. Mpe Mama alete. Nitalifungua nikiwa peke yangu, na safari hii halitarudi.

Baba yako,
Nehemiah Anyona

*

Gesima, 5 Januari 2025

Baba,

Nakujibu upesi ili usikae ukisubiri.

Kipande nilikila mimi, jioni ile, kabla hujafika mlangoni. Nilikila kwa hasira. Nakuandikia hili kwa sababu umenisafisha kwa jambo ambalo sikustahili kusafishwa, na siwezi kuishi mbele ya moshi wa jiko lako nikiwa nimelificha.

Jani nililipeleka zizini pamoja na maganda ya ndizi ya wageni, kama tunavyofanya siku zote. Ng'ombe alikuwa akilila ulipokuwa ukirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya zizi. Ulimpita akiwa anatafuna.

Ni yuleyule ambaye Bravin alikuwa akimkama. Asubuhi hii ametoa maziwa machache. Nimeyamimina katika kibuyu, nikampa Mama akuletee pamoja na barua hii. Yanyweni leo, Baba, yangali maziwa.

Linet